Migomba Mitatu Isiyo na Mama

Kaburi haliibiwi. Ndivyo mkuu wake alivyomwambia Mackrine asubuhi ile, akilisukuma jalada kwa ncha ya kidole kana kwamba lina upupu. Watu wanaiba mbuzi, wanaiba kahawa iliyoanikwa, wamewahi kuiba mpaka kengele ya kanisa, lakini kaburi hukaa pale lilipochimbwa.

"Hili halikukaa, afande," Mackrine alisema.

"Basi halikuwepo. Una bibi mmoja aliyetoka kupasuliwa macho, na mwalimu anayeandika hadithi za malaya wa Kampala. Hao ndio mashahidi wako? Alhamisi baraza la ardhi linakwenda kukagua kibanja. Waachie wazee."

Mackrine alichukua jalada lake akatoka. Alikuwa Mkaguzi Msaidizi, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mzaliwa wa Chonyonyo hukohuko kulikopotelea kaburi, na kuambiwa awaachie wazee alikwishazoea. Kilichomchoma ni lile neno moja, malaya, lilivyomtoka kirahisi mtu ambaye hata jina la marehemu hakuwa amelisoma. Jina lilikuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: Kemigisha.

Nje, kwenye benchi la wageni, Mwalimu Ainembabazi aliinuka mara alipomwona.

"Amesemaje?"

"Amesema niendelee," Mackrine alidanganya. "Hebu nieleze tena tangu mwanzo, na usinipambie. Leo mimi si msomaji wako."

Ainembabazi alifundisha historia sekondari, na kwa miaka kadhaa sasa likizo zake zote zilikuwa zimeishia kwenye riwaya. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, lakini akigusia kitabu chake sauti ile ilipanda hata askari wa zamu akageuka kuangalia.

"Kampala ya zamani ilijaa wanawake wa huku kwetu. Walikwenda kwa miguu hadi Mutukula mpakani, vifurushi kichwani. Walipangisha vyumba, walipika, walifua, waliuza pombe, na ndiyo, wengine waliuza na kingine. Nenda leo ukaangalie majina ya barabara za mji ule. Utakuta magavana, utakuta wafanyabiashara. Wale waliowapikia na kuwafulia hawana hata kichochoro. Wakarudi huku na fedha zao, wakanunua vibanja, wakasomesha watoto wa kaka zao. Na huku nako tukawafuta. Watu wananiuliza kwa nini naandika riwaya badala ya historia. Kwenye historia hawapo, afande. Nitawaweka wapi?"

"Nimekuambia usinipambie."

"Sikupambii. Kemigisha alirudi, akanunua kibanja Chonyonyo kwa fedha yake. Hakuzaa. Akamchukua Renatha, yatima wa jamaa yake, akamlea. Mwaka sabini na nne akafariki, akazikwa mlemle kibanjani, nyuma ya nyumba. Miezi mitatu iliyopita nilisoma sura inayomhusu kwenye ukumbi wa parokia. Mzee Kashaija akatoka kabla sijamaliza."

Kashaija alikuwa mtoto wa kaka yake Kemigisha. Sasa ni mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo, na ana wana watatu wakubwa wasio na ardhi ya kutosha. Muda mfupi baada ya usomaji ule, Renatha alikwenda Bukoba kupasuliwa mtoto wa jicho, halafu akapitiliza Mwanza kwa binti yake ili apone vizuri. Aliporudi alikuta mambo mawili. Nyuma ya nyumba hakukuwa na kaburi, palikuwa na migomba. Na mlangoni palikuwa na wito wa baraza la ardhi la kata, ukoo unadai kibanja chake.

"Wanasema Kemigisha alipotelea Kampala," Ainembabazi aliendelea. "Hakurudi kabisa. Kibanja eti kilinunuliwa na baba yake Kashaija, na Mama Renatha ni mtunzaji tu aliyehurumiwa."

Mackrine hakuhitaji kufafanuliwa uzito wa hilo. Kwao mtu huzikwa ndani ya kibanja chake, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, na shauri la ardhi likifika barazani wazee huuliza kwanza makaburi ni ya nani. Kaburi likiwepo, Kemigisha alirudi, na mali ilikuwa yake, na leo ni ya Renatha. Lisipokuwepo, mwanamke wa miaka sitini na sita atatolewa nje na masufuria yake siku ya Alhamisi.

"Wazee wengine waliohudhuria mazishi?"

"Waliobaki hai ni wawili, wote wa ukoo ule. Wamepoteza kumbukumbu siku moja."

"Picha?"

"Ninayo. Kaburi la saruji katikati ya migomba. Kashaija aliitazama akasema migomba imejaa Karagwe nzima."

"Kwa nini msichimbe mkaona?"

Ainembabazi alicheka bila furaha. "Wameshaomba zuio barazani. Hakuna kugusa mazao yoyote mpaka shauri liishe. Tukichimba tukakosa, tumeharibu mazao yenye kesi. Tukichimba tukapata, tumefukua kaburi bila kibali cha mahakama, na wewe ndiye utakayetukamata. Kibali chenyewe kinachukua miezi."

Mackrine alisimama na funguo za pikipiki mkononi, akiligeuza jambo lile kichwani. Aliyefunga fundo hilo hakuwa mjinga, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko ambavyo ujinga ungemuudhi.

*

Jalada lilikuwa na mtuhumiwa mmoja, aliyewekwa na askari wa kwanza kupokea malalamiko: Celestin wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mtafutaji wa rupia zilizofukiwa na Mjerumani. Jirani alimwona akipita Chonyonyo na fimbo ya chuma siku ambazo Renatha alikuwa Mwanza. Mackrine alimkuta gulioni, kakaa juu ya gunia la maharage, anakula ndizi ya kuchoma.

"Nilipita, sikatai," Celestin alisema hata kabla hajaulizwa mara ya pili. "Mjerumani alipita kila mahali, na mimi nafuata alipopita."

"Ukachimba kaburi."

"La nani?"

"La mwanamke aliyezikwa mwaka sabini na nne."

Celestin aliacha kutafuna. "Afande, Mjerumani aliondoka lini? Mtu wa sabini na nne ana rupia gani? Halafu mimi nina mke Mkristo. Nikigusa kaburi hanipikii."

"Ulichimba wapi?"

"Kule bondeni, karibu na mto. Mashimo yangu yapo mpaka leo, nenda kayaone. Ng'ombe wa watu alivunjika mguu, nikalipishwa."

Alikwenda kuyaona kweli. Yalikuwa yamekaa wazi kama vinywa, hakuna hata moja lililofukiwa, na Mackrine aliyatazama kwa muda huku akimlaani Celestin na kumshukuru kwa pamoja. Mtu wa rupia akikosa hutukana na kuondoka zake. Aliyelifuta kaburi la Kemigisha alikuwa amefukia, akasawazisha, akapanda migomba na kutandaza nyasi juu yake. Huyo hakuwa mpita njia. Huyo alikuwa mtu wa shamba, aliyelelewa kama Mackrine mwenyewe alivyolelewa, kwamba udongo mtupu ndani ya kibanja ni aibu ya nyumba.

Alimfuta Celestin kwenye orodha ya watuhumiwa, akageuza pikipiki kuelekea Chonyonyo.

*

Renatha alimpokea mlangoni akiwa na miwani myeusi aliyopewa hospitali.

"Shikamoo, Mae," Mackrine alimwamkia, kama kila mama anavyoitwa huko.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe si binti wa Prudensia wa kule juu? Nakujua kwa mwendo. Sura bado zinanisumbua."

Kibanja chake kilikuwa safi. Migomba ilisimama kwa nafasi, majani makavu yamepogolewa, mibuni imepandwa katikati, nyasi zimetandazwa kila mahali isipokuwa shingoni mwa shina. Renatha alimwongoza hadi nyuma ya nyumba akasimama bila kupapasa.

"Hapa. Kulikuwa na milamula minne, miti ya alama, kila pembe mmoja, tuliipanda wenyewe. Na msalaba wa mti. Wanasema mimi kipofu, sijui nilipozika. Hapa nimekuja kila Jumapili kwa miaka hamsini, waitu. Hata ungenitoa macho yote mawili ningefika."

Pale pahali palikuwa na migomba mitatu. Mackrine alichuchumaa mbele yake akaanza kuikagua.

Jambo la kwanza lilikuwa nyasi. Kwingine kote Renatha alikuwa ameacha duara tupu kuzunguka kila shina, wadudu wasipate pa kujificha. Hapa nyasi zilirundikwa mpaka juu ya shina, kwa haraka, kama mtu anayefunika chungu. Mtandazaji wa kibanja hiki hakuwa ndiye mtandazaji wa hapa.

Jambo la pili lilikuwa mama. Mgomba katika kibanja cha zamani hausimami peke yake. Kuna mama aliyekatwa, kisiki chake kinaoza taratibu, kuna mtoto anayebeba mkungu sasa, kuna mjukuu anayechipua ubavuni. Mackrine alifukua nyasi kwa mkono akatafuta kisiki. Hakukuwa na kisiki wala mjukuu. Migomba mitatu mikubwa kiasi, isiyo na mama, imesimama mahali penye rutuba kuliko kote kibanjani.

Jambo la tatu lilimfanya acheke kwa hasira. Kila mmoja ulikuwa umeegemezwa kwa mti wa mwega. Mwega huwekwa mgomba unapozidiwa na mkungu. Hii haikuwa na mkungu hata mmoja, wala dalili ya kuutoa. Aliutoa mwega mmoja akausukuma mgomba kwa kiganja. Ulichezacheza tangu chini kama jino bovu. Mizizi ilikuwa imekosa pa kwenda.

"Na majani yake yanageuka njano," alisema.

"Nimeiona njano hiyo," Renatha alisema. "Nilidhani ni macho yangu."

"Nani anaharibu mazao ya watu?"

Mzee Kashaija alikuwa anakuja kati ya migomba, kofia kichwani, amevaa koti kana kwamba anakwenda ibadani. Alikuwa mtu mzima mwenye afya na meno mazuri. Mackrine alimwamkia na kupokea mkono wake. Kidole cha shahada cha mkono ule kiliishia kwenye kiungo cha pili.

"Sijaharibu kitu, mzee. Nauliza tu. Migomba hii ilipandwa lini?"

"Hii ya zamani. Baba yangu aliipanda."

"Baba yako alifariki lini?"

"Themanini na tisa."

"Basi imekaa kwa subira sana. Mwega wa nini?"

"Upepo."

"Upepo unaochagua mitatu?"

Kashaija alitabasamu kama mgombea mbele ya wapigakura. "Afande, mimi si bwana shamba. Kama una swali la polisi, uliza."

"Shangazi yako Kemigisha ulimfahamu?"

"Sikuwahi kumtia machoni. Alipotelea Kampala mimi sijapata akili."

"Hakurudi?"

"Hakurudi. Na hata angerudi," alisema, sasa akiinua sauti ili Renatha asikie vizuri, "mwanamke wa namna ile, nani angemzika kwenye kibanja cha Wakristo? Huyu mwalimu wenu anatutukanisha. Anachukua uchafu wa mjini anautia majina ya bibi zetu."

Mackrine alimtazama mtu huyu aliyevaa koti zuri, akakumbuka mabati ya kwanza kitongoji kile, ya nyumba ya baba yake Kashaija, ambayo mama yake alikuwa akisema kwa kunong'ona kwamba yalinunuliwa kwa fedha ya Kampala. Hakuna aliyeyaita mabati uchafu wakati mvua inanyesha. Aliandika maelezo kwenye daftari lake kwa mkono uliobana kalamu kuliko ilivyohitajika.

"Muulize tena kama hamjui shangazi yake," Renatha alisema nyuma yake, taratibu. "Muulize tu."

"Nimekwisha jibu," Kashaija alisema, akageuka akaenda zake.

Alipokwisha potea kati ya migomba, Mackrine alimgeukia Renatha. "Kuna kitu unanificha, Mae."

"Kipo."

"Kesho kutwa wanakutoa nje. Huu si wakati wa kuficha."

"Yeye anajiita mzee wa kanisa," Renatha alisema, akijifuta chini ya miwani. "Namsubiri aseme mwenyewe. Nikisema mimi, wataniambia kipofu ameota."

Mackrine alibembeleza, akakemea, mwisho akaacha. Mama yule alikuwa na shingo ngumu kama za wanawake wote waliowahi kumlea, na kulikuwa na njia nyingine ya kuingia.

*

Kibanja cha Kashaija kilikuwa upande wa pili wa barabara. Mackrine aliingia na sababu halali, kumtaka mzee atie sahihi maelezo yake, na mzee alimkaribisha sebuleni vizuri, akamletea chai, akamsomea kwa sauti kila neno kabla ya kusaini. Alisisitiza iandikwe wazi kwamba hakuwahi kumwona shangazi yake akiwa hai wala amekufa. Mackrine aliandika.

"Na migomba ile mitatu?"

"Ya baba yangu. Andika hivyohivyo."

Akaiandika hivyohivyo.

Alitoka kwa njia ya shambani badala ya njia ya mbele. Shamba lilikuwa linatia huruma. Migomba mingi ilikuwa imekatwa na kulazwa, mingine imesimama majani yamelegea kama kanga zilizoloweshwa, ndizi chache zilizobaki zimeiva kabla ya wakati huku zimeoza ndani. Pembezoni, chini ya mti wa parachichi, alikuta mashimo matatu yaliyong'olewa machipukizi makubwa. Udongo wake ulikuwa umeshaanza kuota majani.

Alimpigia simu Revelian, bwana shamba wa kata, akiwa amesimama palepale.

"Huku Chonyonyo mnyauko uko kwenye vibanja vingapi?"

"Kitongoji hicho? Kimoja tu, namshukuru Mungu. Cha Mzee Kashaija. Nimempiga marufuku tangu mwaka jana asitoe mche hata mmoja. Kwa nini?"

"Nikikuonyesha mgomba unaoumwa ndani ya kibanja kingine, unafanya nini?"

"Nakata shina kwanza nione. Likitoa usaha wa njano, sheria ndogo haina mazungumzo. Unang'olewa siku ileile, na kitako chake na mizizi yote, unafukiwa."

"Hata kama baraza limezuia mazao yasiguswe?"

"Baraza linazuia watu, afande. Mnyauko hauwezi kuzuiwa kwa barua. Nikiuacha mmoja wiki mbili, kibanja kizima kimekwenda, na jirani yake, na jirani wa jirani."

Mackrine alikata simu. Alikuwa amepata njia, na alipaswa kufurahi, lakini hasira ilimzidi. Mtu huyu hakutosheka kumfuta shangazi yake. Alipotaka kuficha udongo mtupu alikwenda kung'oa machipukizi kwenye shamba lake mwenyewe, kwa mazoea tu, kwa sababu ndipo mtu wa huku anapochukua mche siku zote. Akabeba ugonjwa kwa mikono yake akaupanda kwenye kibanja pekee kilichokuwa safi. Mwenye kibanja yuko hospitali, macho yamefungwa bandeji.

*

Alhamisi wajumbe wa baraza walifika kwa miguu, wanawake watatu na wanaume wanne, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu aliyekuwa na sauti ya kukwaruza. Kashaija alikuja na wanawe na watu wengi wa ukoo. Ainembabazi alisimama na Renatha, amemshika mkono. Mackrine alisubiri mpaka mwenyekiti alipouliza kaburi liko wapi na Kashaija alipojibu kwamba yeye haoni kaburi, anaona migomba ya marehemu baba yake. Ndipo akampa ishara Revelian.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sikuja kwa shauri la ardhi," Revelian alisema. "Nimekuja kwa mnyauko."

Alichomoa panga akakata shina la mgomba wa katikati kwa mshazari. Watu walisogea. Walingoja kidogo. Kisha usaha wa njano, mzito, ulianza kutoka kwenye jeraha na kushuka polepole juu ya shina, na minong'ono ikapita kwa watu wote, ya ukoo na isiyo ya ukoo, kwa sababu hakuna aliyekuwa pale asiye na migomba nyumbani.

"Ung'olewe," mjumbe mmoja mwanamke alisema mara moja.

"Kuna zuio," Kashaija alisema.

"Kuna watoto wanaohitaji kula," yule mama akamjibu.

Mwenyekiti alimtazama Revelian, akautazama usaha. "Baraza lilizuia mazao yasiharibiwe. Hili tayari limeharibika. Ng'oeni."

"Kabla hawajang'oa," Mackrine alisema, "mzee atueleze. Migomba ni ya baba yako aliyefariki themanini na tisa. Mnyauko kitongoji hiki upo kwako peke yako. Kwako kuna mashimo matatu yaliyotolewa machipukizi, na ulikwisha katazwa kutoa mche. Umefikaje hapa?"

"Upepo," mtu mmoja alisema nyuma, na wachache wakacheka.

Vijana wawili walishika mgomba wa katikati. Hawakuhitaji nguvu. Ulitoka mzimamzima na kitako chake, mizizi yake imesambaa bapa kama sahani, na jembe la kwanza lililofuata likagonga kitu kigumu, likalia. Renatha aliachia mkono wa Ainembabazi.

Walifagia udongo. Ilikuwa saruji, na kichwani palikuwa na tundu la mraba palipowahi kusimama msalaba. Hakukuwa na jina. Kashaija alivuta pumzi, akarudi kuwa mzee wa kanisa.

"Saruji tu," alisema. "Baba alikuwa na banda la mbuzi hapa. Hii ni sakafu."

Wajumbe waliangaliana. Mwenyekiti alikuna kidevu. Mackrine aliona jambo lote linateleza tena, kwa urahisi uleule, kwa sauti ileile ya utulivu, na kwa mara ya kwanza tangu alichukue jalada hakujua afanye nini.

"Leteni maji," Renatha alisema.

Alimwaga ndoo nzima mwenyewe, akainama akasugua kwa kiganja upande wa miguuni. Matope yalikwenda. Chini yake, ndani ya saruji, kulikuwa na alama ya mkono wa mtoto, iliyozama vizuri, kila kidole mahali pake. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kiungo cha pili.

Mikono ya Kashaija ilikuwa imekwisha ingia mifukoni.

"Alikuwa na miaka tisa," Renatha alisema, bado ameinama. "Saruji ilikuwa mbichi. Aligoma kuondoka, analia, tunamvuta anarudi. Fundi akamwambia basi muage shangazi kwa mkono, halafu uende. Kidole kilikatwa na panga mwaka uliotangulia. Mae wangu, huyu aliyelala hapa, alimbeba mgongoni mpaka hospitali, na alikuwa ameshaanza kuugua."

"Mzee Kashaija," mwenyekiti alisema, "hebu toa mkono tuuone."

Hakuutoa. Alikuwa anaitazama ile alama, uso umemlegea, na alipozungumza sauti yake haikuwa ya ibadani.

"Niliwaambia wenzangu wasilivunje," alisema. "Walitaka kulivunja kwa nyundo. Mimi nikakataa. Nikasema wafukie tu."

Alisema kama mtu anayedai shukrani. Mackrine aliyaandika maneno hayo yote kama yalivyotoka, akawaomba wajumbe wawili watie sahihi chini yake, akaweka futi kando ya kile kiganja na kupiga picha. Alifanya kila hatua polepole, kwa utaratibu, ili hasira isimfanye akosee. Mtu aliyemjua shangazi yake kiasi cha kushindwa kumvunjia kaburi, na bado akasaini kwamba hakuwahi kumtia machoni. Hilo hakuna kifungu kinacholitosha, lakini cha kuharibu mahali pa maziko kilikuwepo, na cha maelezo ya uongo pia.

"Mzee, utakwenda na mimi kituoni."

Kashaija alikubali kwa kichwa. Kisha akamgeukia Ainembabazi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa.

"Utaniandika kwenye hicho kitabu?"

"Kitabu changu ni cha watu waliosahauliwa, baba," Ainembabazi alisema. "Wewe hutasahauliwa huku."

Mackrine alimshika mzee mkono kumwongoza. Renatha aliinuka, akavua miwani myeusi, akajifuta matope kwenye kanga na kuitazama migomba miwili iliyobaki.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Hiyo miwili aing'oe yeye. Ndiye aliyeipanda."

Bwana shamba alimtazama Mackrine. Mackrine aliuachia mkono wa mzee, akachukua jembe, akampa.